Magari Matatu Kwenda Lupingu

Wakati wa likizo ya mwezi wa Juni nilibahatika kuwa mmoja wa watu kumi na wanne waliosafiri kwa magari matatu kutoka Kyela mpaka Lupingu, katika wilaya ya Ludewa. Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike habari za safari hiyo, nami nikakubali. Lakini nawaomba wasomaji wanivumilie, maana sehemu kubwa ya maneno yangu ni habari za maandalizi. Njiani tulikaa siku tatu tu. Kujitayarisha kulituchukua majuma mawili mazima, na nadhani safari yenyewe ilifanyika zaidi katika majuma hayo kuliko barabarani.

Mtu asiyeijua nchi yetu atauliza: Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, na Lupingu iko kando ya ziwa lile lile, kwa nini basi msifuate ufuko mkafika? Jibu lake ni Milima ya Livingstone. Barabara ya lami itokayo Kikusya kupitia Ipinda hufika Matema, na hapo Matema nchi tambarare hukatika ghafula. Mlima unasimama kama ukuta na miguu yake imo majini. Kijiji cha Ikombe, wanakofinyanga vyungu Wakisi, kiko mbele kidogo tu, lakini watu huenda huko kwa mtumbwi au kwa miguu. Mwenye gari hana budi kuuzunguka mlima wote: apande Tukuyu, afike Uyole, ashike barabara kuu mpaka Makambako, ageuke kuelekea Njombe, aingie njia ya Ludewa inayoanzia Itoni, na kutoka Ludewa ateremke tena mpaka ziwani. Nilipima kwa uzi juu ya ramani ya chumba cha jiografia nikapata karibu kilomita 500. Na hizo ni za kwenda tu.

Watu wengi wa kwetu huenda huko kwa maji. Ipo meli ya MV Mbeya II, iliyoanza safari zake mwaka 2021, na ziko boti ndogo nyingi. Bibi yangu hapandi meli wala boti. Yeye ni Mkisi, mzaliwa wa Lupingu, aliyeolewa Ipinda akiwa msichana na kuletwa kwa mtumbwi. Ametuzaa sisi sote huku kwenye mpunga na kakao, lakini akihesabu mpaka leo huhesabu kwa lugha ya kwao. Mwaka 2005, mwezi wa Julai, upepo wa kusini ulipokuwa mkali kama ilivyo desturi yake miezi hiyo, boti ilipinduka, na ndani yake alikuwamo mtoto wake wa kwanza, yaani baba yangu mkubwa. Mwili haukuonekana. Bibi alikaa pale Matema mchangani siku nne, akakataa kuondoka, mpaka wanaume wakambeba. Tangu siku ile hajaweka mguu wake katika chombo cha maji, hata mtumbwi wa kuvukia mto. Wala hakupata tena kumwona mdogo wake aliyebaki Lupingu.

Basi mwezi wa Machi mwaka huu huyo mdogo wake, ambaye sisi humwita Bibi Mdogo, alipiga simu. Mvua ya upepo ilikuwa imeezua nusu ya nyumba yake, na miguu yake haimwendeshi tena kwenda mahali. Hakuomba kitu. Alisema tu kwamba anamsalimu dada yake. Bibi aliisikiliza simu, akairudisha kwa baba, akasema, "Nataka nikamwone mdogo wangu kabla hatujawa wawili wa kuulizana nani katangulia."

Baba hakujibu. Aliyejibu ni baba mdogo, ambaye ana gereji mjini Kyela. Alisema, "Mama, kwa gari tutafika. Ila si kwa gari moja."

Neno hili lilinishangaza, nami nilimwuliza baba mdogo siku nyingine alipokuwa chini ya lori. Alinieleza, akiwa amelala chali, kwamba gari moja likinasa katika tope, limenasa. Magari mawili, moja humvuta mwenzake. Magari matatu, moja linanasa, la pili linavuta, na la tatu linakwenda kutafuta msaada au kumpeleka mgonjwa. Alisema mtu akienda peke yake katika njia mbaya huwa anacheza bahati nasibu. Mimi nikamkumbusha habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ambayo Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 katika motokaa aina ya Volvo, kila dereva akikimbia kivyake. Baba mdogo akacheka, akaniuliza ni magari mangapi yalimaliza mwaka 1963. Nilikuwa nimesoma, nikamwambia: yalianza 84, yakamaliza 7. "Unaona?" akasema. "Sisi tuko matatu. Nataka yamalize matatu."

Magari yenyewe yalikuwa haya. La kwanza Land Cruiser ya baba mdogo, ya aina ile ambayo watu huiita mkonga, yenye bodi wazi nyuma. La pili Hilux ya binamu yangu anayenunua kakao. La tatu Land Rover ya mume wa shangazi, gari la zamani kuliko mimi na, kama walivyosema wenye mzaha, la zamani kuliko barabara. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na binamu alidai kwamba hii ndiyo yenyewe. Mwenye gari hakuyapenda maneno hayo. Katika ukoo wetu mzaha juu ya mke huvumiliwa, lakini si juu ya Land Rover ya mume wa shangazi.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani nikitumaini kuchukuliwa. Baba alikuwa na mawazo mengine. Alisema kidato cha nne hakina likizo. Mtihani ni mwezi wa Novemba. Kama ni kuona milima, milima itakuwapo Desemba. Maneno yake yalikuwa ya haki, nami sikuwa na la kujibu. Ni baba mdogo aliyeniombea. Alisema anahitaji karani wa vitu, mtu wa kupiga hesabu na kuandika, na kwamba madereva watatu wenye kujua kuandika vizuri hawapatikani katika ukoo. Baba akakubali kwa sharti moja: kila jioni, kabla ya kula, nimwonyeshe hesabu kumi nilizofanya siku hiyo. Nilizifanya. Nyingine nilizifanya juu ya boneti ya Land Rover, na alama ya mafuta ingali katika daftari langu, kama mwalimu wetu wa hesabu atakavyoshuhudia.

Hesabu ya kwanza ya ukarani wangu ilikuwa ya dizeli. Tulijaza kila gari mpaka juu, tukaliendesha Ipinda na kurudi mara kadhaa, tukajaza tena na kupima kilichopungua. Mkonga ulikwenda kilomita 7 kwa lita moja, Hilux 9, na Land Rover 6. Kwa kilomita 1,000 za kwenda na kurudi nikapata lita 143, lita 111, na lita 167. Jumla lita 421. Nikaongeza robo yake kwa ajili ya tope na vilima, ikawa lita 526. Nilimpelekea baba mdogo karatasi nikiwa na furaha kubwa. Aliisoma, akanisifu, kisha akaniuliza kama nilidhani Makambako watu wanakunywa dizeli yao wenyewe. Vituo viko njiani kote mpaka Ludewa. Tulichohitaji kubeba ni mafuta ya kuteremkia ziwani na kupandia tena, na akiba. Tukachukua madumu sita ya lita 20. Lakini jumla yangu haikupotea, kwani wazee waliitumia kujua kila nyumba ichange fedha kiasi gani.

Vitu vingine nilivyoviandika ni vingi mno kuvitaja vyote hapa. Palikuwa na tairi mbili za akiba kwa kila gari, viraka na gundi, pampu ya upepo, jeki tatu na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, maana jeki bila ubao huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Palikuwa na feni belti, mipira ya rejeta, fyuzi, waya, na mafuta ya breki. Palikuwa na mabeleshi mawili, majembe mawili, panga na shoka. Kamba ya katani ilikuwa nene kama mkono wangu, pamoja na mnyororo. Vya nyumbani vilikuwa masufuria, turubai, maji ya kunywa katika madumu yasiyopata kutiwa mafuta (shangazi aliyanusa yote, moja baada ya jingine, akayakataa mawili), na sanduku la dawa. Juu ya hayo ndipo ulipokuja mzigo wenyewe: mabati 40 kwa nyumba ya Bibi Mdogo, misumari, na magunia manne ya mchele. Mbao hatukubeba, kwa sababu Njombe ndiko kwenye misitu ya mbao, na kupeleka mbao kutoka Kyela ni sawa na kupeleka mchele Kyela.

Kitu kimoja ambacho watu wa ziwani tulitaka kukidharau ni mablanketi. Kyela iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Kyela hulala na shuka moja mwaka mzima. Njombe mwezi wa Juni ni nchi nyingine kabisa. Asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa jalidi. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa amelieleza jambo hili darasani, nami nikalisema mbele ya wazee. Binamu alisema wanafunzi huogopa baridi kwa sababu wameisoma. Shangazi hata hivyo aliongeza mablanketi manane, na usiku tuliolala Njombe binamu alijifunika mawili.

Sasa nieleze siku ya mazoezi, ambayo kwangu ilikuwa siku nzuri kupita zote.

Baba mdogo hakutaka kwenda mbali na watu ambao hawajawahi kuvutana. Alisema kamba ni kitu cha kujifunza nyumbani. Basi siku ya Jumatano alituongoza mpaka njia moja ya mashambani upande wa Mto Mbaka. Wasomaji wa mikoa ya ukame hawawezi kulijua tope la Kyela. Bonde letu lote limetandazwa na mito, Songwe na Kiwira na Mbaka na Lufilyo, inayoteremsha udongo kutoka milimani tangu zamani. Na mvua yetu ni nyingi, haisemi kwaheri mapema kama mahali pengine. Udongo ule ni mweusi na laini, na ukilowa unateleza kama sabuni juu, na kushika kama gundi chini. Ndio unaoupa mchele wetu jina. Gari ukilipatia jina ni jambo lingine.

Baba mdogo aliingiza mkonga wake makusudi. Ulikwenda kama mita kumi, magurudumu yakazunguka, ukakaa. Akazima, akashuka, akasema, "Haya, nitoeni." Kila mtu akaanza kupiga kelele na kusukuma mahali pake. Watoto wa majirani walikwisha kufika, maana katika Kyela gari likinasa habari hufika kabla ya dereva kushuka. Tulisukuma robo saa nzima, tukapata tope katika meno na gari halikusogea hata unyayo mmoja. Baba mdogo alikuwa ameketi juu ya tuta anakula muwa.

Baadaye ndipo alipotufundisha. Kwanza, mtu mmoja tu ndiye asemaye. Wengine wote ni mikono. Pili, koleo kabla ya kamba: chimbeni mbele ya kila gurudumu, toeni tope lililoshika chini ya tumbo la gari. Tatu, punguzeni upepo wa tairi, ili tairi likae bapa na kupata mahali pa kushika. Ila msisahau kuujaza tena mkifika penye mawe. Nne, tandikeni matawi au mbao. Ndipo kamba. Na kamba ikikazwa, mtu yeyote asisimame karibu nayo wala asiiruke, kwa sababu kamba ikikatika hurudi kama nyoka, na imekwisha kuvunja miguu ya watu. Juu ya kamba akatutundikisha gunia bichi lililolowa maji, ili ikikatika uzito wa gunia uiangushe chini. Hili sikulijua, na nikiwa mwanafunzi wa fizikia lilinipendeza sana.

Tukafanya kama alivyosema. Land Rover ikafungwa mbele. Mume wa shangazi akaingiza gia ndogo, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, akaenda polepole kama mtu anayemwongoza ng'ombe mgonjwa. Kamba ikainuka, gunia likatoa maji, na mkonga ukatoka topeni na sauti ya kubusu. Watoto wakashangilia. Tangu saa hiyo sikusikia tena mtu akisema neno baya juu ya Land Rover, isipokuwa binamu.

Tulirudia mara nne, kila gari likinaswa na kuvutwa kwa zamu, na kila dereva akijifunza kuvuta na kuvutwa. Baba yangu, ambaye alikuja akiwa amevaa viatu vya kanisani kwa kuwa alikusudia kutazama tu, alimaliza siku akiwa peku na suruali imekunjwa, naye ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa kamba. Ana sauti.

Mimi sikuendesha. Umri wangu ni miaka kumi na saba, na leseni hutolewa mtu akitimiza kumi na minane. Nalitaja kwa sababu katika bweni letu kuna habari nyingine zinazosimuliwa, nazo si za kweli.

Ijumaa jioni tulianza kupakia. Vizito chini na mbele ya ekseli ya nyuma, vyepesi juu, na vile vitakavyotakiwa haraka mahali pa kufikiwa bila kufungua turubai. Ndiyo sababu mabeleshi yalifungwa ubavuni. Bibi alikuwa ameketi barazani akitutazama. Mama alikuwa ndani akikunja nguo za Bibi kuzitia katika begi. Mara mama akatoka bila kusema kitu, akamwita baba.

Ndani ya nguo za Bibi, chini kabisa, palikuwa na shuka jipya jeupe, limekunjwa na kufungwa kwa uzi, na ndani yake kitambaa cha kichwa cheupe. Kwetu hakuna mtu mzima asiyejua maana yake. Baba alilishika, akatoka nalo mpaka barazani. Sote tuliacha kupakia.

"Mama," akasema, "hili ni la nini?"

"Ni shuka langu."

"La kulalia?"

"La kulalia," Bibi akajibu.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo safari imekwisha. Magari yatapeleka mabati na mchele, na yeye mwenyewe atakwenda kumsalimu mama mdogo. Lakini hawezi kumchukua mama yake kilomita 500 kumpeleka kufa. Alisema ziwa limekwisha kumchukua ndugu yake upande huu, naye hatalipelekea mama yake upande wa pili. Sijapata kumsikia baba akisema kwa sauti ile. Shangazi alianza kulia. Baba mdogo alikuwa na kamba mkononi akawa anaifunga na kuifungua.

Bibi hakupandisha sauti. Alinyosha fimbo yake kuelekea Land Cruiser, akauliza, "Kule nyuma mmefunga tairi ngapi?"

Baba mdogo akasema, "Mbili, Mama."

"Zile za chini zimeharibika?"

"La, ni nzima."

"Basi mnaziombea zipasuke?"

Hakuna aliyejibu. Bibi akaendelea, "Mmebeba jeki, mmebeba dawa, mmebeba hata maji ya kumwagia gari. Mmeandika kila kitu katika daftari la mtoto. Mimi nina miaka themanini na zaidi. Mbona akiba yangu mimi ndiyo mbaya?"

Baba alisimama bado na lile shuka mikononi. Mwishowe aliniangalia akasema, "Liandike." Akaenda nyuma ya nyumba, wala hakurudi mpaka chakula kilipokuwa tayari. Nikafungua daftari, na baada ya mstari wa mablanketi nikaandika: shuka jeupe, 1. Usiku ule baba hakudai hesabu zangu. Nilimpelekea hivyo hivyo, akazisahihisha zote kumi.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Bibi alikaa mbele katika mkonga, kati ya dereva na baba. Kanuni ya kwenda kwa kundi ilikuwa moja nayo ni rahisi: kila dereva anamtunza aliye nyuma yake, asipomwona katika kioo anapunguza mwendo, na asipomwona bado anasimama. Kwa njia hiyo gari la mwisho haliwezi kupotea hata la kwanza likiwa na haraka. Tulipanda Tukuyu kukiwa na ukungu, na Mlima Rungwe hatukuuona kabisa ingawa una karibu mita 2,960. Uyole tulisimama kukaza boliti za magurudumu. Barabara kuu sina la kusema. Ni lami, na malori ni mengi. Njombe tulilala, kama nilivyokwisha kusema juu ya binamu na mablanketi, na asubuhi tukanunua mbao.

Njia ya Ludewa ilinipendeza kwa kipande chake cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, ambacho si cha lami bali ni cha zege tupu, kwa sababu ya mvua na miteremko ya nchi ile. Mtu huhisi kama anaendesha juu ya sakafu ya nyumba. Lakini si njia yote ilikuwa hivyo, na mbele ya hapo, katika vumbi na mashimo, Land Rover ilivunja jani la springi. Nililipitia daftari lote: springi haikuwamo, kwa kuwa springi ya Land Rover ile haipatikani madukani Kyela. Mume wa shangazi hakushtuka. Alichukua kipande cha mbao tulizonunua Njombe, akakichonga kwa panga, akakifunga pamoja na springi kwa vipande vya mpira wa tyubu, akavikaza kwa mguu wake. Ilimchukua saa moja na nusu. Magari mawili mengine yalingoja, watu wakala viazi. Nilielewa hapo kwa nini baba mdogo hakutaka gari moja, ingawa safari nzima hatukuitumia kamba hata mara moja. Tope letu lote lilikuwa limebaki Mbaka.

Siku ya tatu tuliteremka kwenda ziwani. Mteremko wa Lupingu ni wa udongo na mawe, na kona zake ni kali. Baba mdogo alikusanya madereva juu, akawaambia wasitegemee breki, maana breki zikipata moto hazishiki. Waweke gia ndogo tangu juu na kuiachia injini ishike gari. Abiria wenye miguu mizuri tuliamriwa kutembea nyuma ya magari, kila mmoja na jiwe mkononi la kutupia chini ya gurudumu pakiwa na haja. Bibi alikataa kushuka. Alisema alitoka nchi hii akiwa amekaa, na atairudia akiwa amekaa. Katika kona ya pili ziwa likaonekana lote, la buluu, hata milima ya Malawi ng'ambo. Baba alisema baadaye kwamba Bibi alifumba macho, akawa anauliza tu, "Tumepita wapi?" naye akawa anamtajia kila kona.

Bibi Mdogo tulimkuta amekaa nje chini ya mwembe. Wale wazee wawili hawakulia. Walishikana mikono wakaanza kusemeshana kwa Kikisi, upesi upesi, kama watu walioachana jana na kukatizwa maneno yao, na hakuna mmoja wetu aliyeelewa ila shangazi, naye hakutaka kututafsiria.

Nyumba tuliiezeka kwa siku mbili. Mabati yalitumika 37; matatu yaliezeka jiko. Siku ya tatu tulipakia kurudi, na Bibi akasema atabaki mpaka mvua. Baba hakubishana naye. Alimwachia mablanketi mawili, simu yenye chaji, na begi lake, akalikagua lote kama karani, akalifunga.

Land Rover ilipanda mteremko ule na mbao yake chini, ikafika Kyela nayo. Mwezi wa Septemba Bibi alipiga simu shuleni kupitia kwa mwalimu wa zamu. Alitaka nimwambie baba mdogo kwamba mchele umekwisha, na kwamba yeye na mdogo wake hawaupendi mchele wa dukani. Baba mdogo ameanza kutafuta springi.